Sanduku la Maswali: Jarida la ualimu likiingia darasa la Kiingereza

Barua za safari hii zinalalamikia jambo moja kwa sauti tofauti. Mwalimu wa Kiingereza amepata jarida la ualimu, la karatasi au la kupakua, ameona humo shughuli ya kuvutia, kaipeleka darasani nayo ikamkatalia. Zilizofanana tumeziunganisha, ndefu tumezipunguza.

Darasa langu lina wanafunzi 68. Kila shughuli ninayoisoma jaridani inataka wanafunzi 16 au 20, meza za kusogeza na kopi moja kwa kila mtu. Kudurufu kwangu ni kwa nadra. Niachane na majarida haya?
*Mwalimu wa sekondari*

Usiachane nayo, mwalimu. Ila ukisoma shughuli yoyote, jiulize kwanza ni kitu gani ndani yake kinachomlazimisha mwanafunzi kufungua kinywa. Mara nyingi ni kimoja: huyu anajua jambo ambalo mwenzake halijui, na kazi haiishi mpaka aseme. Hiyo ndiyo injini. Meza za duara, kadi za rangi na kopi 20 ni hali ya darasa la mwandishi tu. Injini ikibaki salama, vingine vyote unaweza kuving'oa.

Chukua jigso, ambayo karibu kila jarida la walimu wa Kiingereza limewahi kuiandika. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake waliianzisha mwaka 1971 huko Austin, Texas, na haikuwa mbinu ya lugha hata kidogo. Shule za huko zilikuwa zimeanza kuchanganya watoto wa rangi tofauti, wakatafuta namna ya kuwafanya wategemeane badala ya kuumana. Sisi tumeiazima. Maelezo ya kawaida ni haya: gawa matini vipande vinne, wenye kipande A wakae pamoja wakielewe, wa B vivyo hivyo, na C, na D, kisha kila kikundi kipya kiwe na A, B, C na D mmoja mmoja, kila mtu awaeleze wenzake cha kwake.

Kwa wanafunzi 68, wenye A ni 17. Watu 17 hawajadiliani. Mmoja huongea na 16 hutazama. Wavunje wawe vikundi vinne, vitatu vya wanne na kimoja cha watano. Kuhusu kopi, hesabu upya: kikundi cha wanne kinahitaji matini moja tu iliyokatwa vipande, kwa hiyo darasa zima linahitaji matini 17. Matini ya maneno 200 kwa herufi za ukubwa wa 12 inaenea nusu ya karatasi ya A4. Panga mbili kwa ukurasa, na karatasi 9 zinatosha huku nakala moja ikibaki akiba.

Kama madawati yamebanana hata mtu hapiti, usithubutu kuwahamisha watu 68 mara mbili katika kipindi kimoja. Tumia vipande viwili badala ya vinne. Safu ya kwanza ipate A, ya pili B, ya tatu A, ya nne B. Wawili watumie karatasi moja, waelewane kipande chao kwa dakika sita. Kisha safu za A zigeuke nyuma, zitazamane na safu za B. Hakuna aliyeinuka, na karatasi bado ni zile zile 9.

Jigso huharibikia sehemu tatu. Ya kwanza: wanafunzi wanapeana karatasi na kusomeana, mazungumzo yanakufa. Dawa ni kukusanya karatasi zote kabla ya hatua ya pili, na kuzihesabu, maana zitabaki mbili tatu chini ya madaftari. Ya pili: kipande hakisimami peke yake. Kikianza na "She, on the other hand, hardly ever leaves it", aliyepewa hicho hajui "she" ni nani wala "it" ni nini. Pitia mwanzo wa kila kipande, weka nomino mahali pa kiwakilishi: "The queen hardly ever leaves the hive."

Ya tatu ndiyo inayowapata wengi: maswali yanayojibika kwa kipande kimoja. Tuseme A kinasema "In the busy season a worker bee lives for about six weeks", na B kinasema "The queen can lay more than a thousand eggs in a day." Ukiuliza "How long does a worker bee live?", mwenye A atajibu na mwenye B atasinzia. Uliza "Why must the queen lay so many eggs?" Hapo hakuna anayeweza peke yake. Maswali manne ya namna hiyo yanatosha kipindi kizima, na mara nyingi utayaandika mwenyewe, kwa kuwa maswali yanayochapishwa pamoja na matini hupima ufahamu wa msomaji mmoja aliyeshika matini yote.

Nilijaribu imla ya kukimbia kama jarida lilivyoelekeza. Ikawa fujo, na mwalimu wa darasa la jirani akaja mlangoni.
*Mwalimu wa madarasa ya kwanza ya sekondari*

Kwa wasioijua: matini fupi inabandikwa ukutani, mwanafunzi mmoja anakwenda, anasoma sentensi, anarudi kuwaambia wenzake, mmoja anaandika. Fujo hutokana na vitu vidogo ambavyo mwandishi hakuvitaja, labda kwa kuwa darasa lake lilikwisha vizoea.

Matini isizidi maneno 70, sentensi sita, kila sentensi isizidi maneno 12. Sentensi ya maneno 20 haibebeki kichwani, na mkimbiaji asiyeweza kubeba ataanza kupiga kelele kutoka ukutani. Andika kwa mkono kwa herufi kubwa, nakala sita, uzibandike mbalimbali. Kwa vikundi 17, vikundi vitatu vitatu kwa kila nakala, msongamano unapungua. Kanuni ni mbili tu. Mkimbiaji hasemi neno mpaka mkono wake uguse dawati la kikundi chake. Na hashiki kalamu kabisa. Akiishika ataandika mwenyewe na zoezi litakuwa kunakili. Kila sentensi mkimbiaji mpya. Waliobaki mmoja akague tahajia, mwingine nukta, mkato na herufi kubwa.

Jina la zoezi lenyewe lina lawama. Wanakimbia kwa sababu mshindi ni wa kwanza kumaliza. Badilisha: kila kikundi kianze na alama 20, kosa moja liondoe alama moja, na muda uwe sawa kwa wote, dakika 12. Utashangaa wanavyotembea taratibu.

Faida ya zoezi hili iko mwishoni, na ndiyo inayokatwa kengele ikikaribia. Acha dakika kumi za kulinganisha na matini ya ukutani. Ukikuta vikundi vitano vimeandika "They leave in a hive", usikimbilie kusema hawakuwa makini. Kiswahili kina irabu tano, na katika sikio lililolelewa na irabu tano "live" na "leave" ni neno moja. Mkimbiaji alisoma sawasawa, akatamka kwa irabu ya nyumbani, mwandishi akaandika alichosikia. Kusanya makosa ya aina hiyo kwenye kona ya ubao. Hayo ni somo la matamshi la kipindi kijacho, tena limeletwa na wanafunzi wenyewe.

Matini za jaridani ni ngumu kwa wanafunzi wangu. Nikizirahisisha zinakuwa kavu, na wakati mwingine hawazielewi hata hivyo. Nakosea wapi?
*Mwalimu wa kidato cha pili*

Anza kwa kupima, usikisie, na usitegemee lebo ya A2 au B1 iliyoandikwa juu ya shughuli. Ngazi zile sita, A1 hadi C2, zilizotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, zinaeleza mtu anaweza kufanya nini kwa lugha. Hazihesabu maneno magumu ya matini uliyoishika.

Kipimo chepesi ni hiki. Kata maneno 100 ya katikati ya matini. Wape wanafunzi sita: wawili wazuri, wawili wa kati, wawili dhaifu. Wapige mstari chini ya kila neno wasilolijua. Kisha waulize maana ya maneno mawili ambayo hawakuyapigia mstari, maana wengine huona aibu. Watazame hasa wale wawili wa kati. Wakipigia mstari maneno mawili au pungufu, matini inasomeka bila msaada. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba msomaji anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ili aelewe vizuri peke yake. Matatu hadi matano, itasomeka ukiwa pembeni na ukiwa umefundisha machache kabla. Zaidi ya hapo usihangaike kuipasua matini. Tafuta nyingine, au punguza kazi unayodai: badala ya maswali kumi ya ufahamu, wapange aya tatu kwa mfuatano wake au wachague kichwa cha habari kinachofaa.

Sasa kurahisisha kwenyewe. Tazama sentensi hii:

"Having been abandoned by its owners, the lighthouse gradually fell into disrepair, until a group of volunteers took it upon themselves to restore it."

Ina maneno 24. Wengi huikata hivi: "The owners abandoned the lighthouse. It fell into disrepair. Volunteers restored it." Imekuwa fupi, na ugumu wake uko pale pale. "Abandoned", "disrepair" na "restored" yote yamebaki. Vilivyoondolewa ni viungo vilivyomwambia msomaji jambo lipi lilizaa lipi. Jaribu hivi:

"The owners left the lighthouse. Nobody repaired it, so slowly the roof broke and the paint came off. Then some volunteers decided to repair it."

Hesabu: maneno 25, moja zaidi ya mwanzo. "Disrepair" imefunguliwa ikawa paa na rangi, vitu vinavyoonekana kwa macho. "So" na "then" zimeachwa zifanye kazi yake. "Repair" imetumika mara mbili kwa makusudi, kwa kuwa neno likirudi mwanafunzi analinasa. "Lighthouse" na "volunteers" zimebaki: bila ya kwanza hakuna habari, na ya pili inafaa kujifunzwa. Maneno mapya mawili kwa sentensi tatu ni mengi kidogo, lakini yanabebeka ukichora mnara mmoja ubaoni.

Angalia pia "took it upon themselves". Kila neno hapo mwanafunzi analijua na hatalipigia mstari, lakini maana ya jumla haijui. Vishazi vya namna hiyo, pamoja na vitenzi kama "put up with" na "make up for", hupenya kipimo cha maneno 100 bila kuonekana. Vitafute kwa jicho lako mwenyewe.

Ukavu unaoulalamikia hutokea ukifuta vitu mahususi: idadi, majina, rangi, maneno waliyosema watu. Hivyo viache. Mwanafunzi hachoshwi na "three old fishermen", anachoshwa na "some people".

Diktoglosi yangu imegeuka imla ya kawaida. Wanafunzi wanaandika neno kwa neno na wanalalamika kwamba nasoma haraka.
*Mwalimu wa Kiingereza, chuo cha ufundi*

Inaelekea unasoma polepole kwa huruma. Ukisoma kwa kasi ya imla, watafanya imla. Mbinu hii ya kusikiliza matini fupi na kuijenga upya kikundini, iliyoenezwa na kitabu cha Ruth Wajnryb cha mwaka 1990, inasimama juu ya jambo moja: mwanafunzi asiweze kuandika kila kitu, ili alazimike kujenga upya kwa sarufi aliyo nayo kichwani.

Matini iwe sentensi nne au tano, maneno 50 hadi 70, na muundo mmoja wa sarufi uliojirudia walau mara mbili. Usomaji wa kwanza, kalamu ziko chini, wanasikiliza tu. Wa pili, kwa kasi ya kawaida ya mazungumzo, wanaandika maneno yanayobeba maana. Waeleze mapema kwamba hawatapata yote na kwamba hicho si kipimo cha masikio yao. Halafu watatu watatu wajenge upya kwa dakika 12. Usomaji wa tatu usiwape kabla hawajakwama.

Tuseme sentensi mojawapo ni "If the bridge had been stronger, the truck would have crossed safely." Kwenye daftari utakuta: bridge, stronger, truck, cross, safe. Kikundi kinajenga: "If the bridge would have been stronger, the truck would have crossed safe." Hilo kosa la "would" mbili lina asili. Kwa Kiswahili tunasema daraja lingalikuwa imara, lori lingalivuka; "-ngali-" inakaa pande zote mbili. Mwanafunzi amefanya jambo la busara, amerudia alama ile ile pande zote mbili, na Kiingereza ndicho kinachotaka pande zitofautiane. Ziandike lugha zote mbili ubaoni, moja juu ya nyingine, pigia mistari, kisha nyamaza. Dakika tatu za hapo zinazidi nusu saa ya kukariri kanuni ya "third conditional".

Kosa la "safe" mahali pa "safely" liache kwanza. Ukisahihisha kila kitu kwa pamoja, muundo ulioulenga utapotea katikati ya kalamu nyekundu.

Jarida linasema dakika 45. Kwangu inakula vipindi viwili na haiishi.
*Mwalimu wa shule ya msingi, madarasa ya juu*

Dakika 45 za mwandishi kwa kawaida zinaanza wanafunzi wakiwa tayari kwenye vikundi, karatasi mkononi, wanajua la kufanya. Zako zinaanza mlangoni.

Upotevu mkubwa uko kwenye kuripoti. "Kila kikundi kiwasilishe" ni maneno matatu tu jaridani. Vikundi 17 kwa dakika mbili mbili ni dakika 34, na kikundi cha 12 hakuna anayekisikiliza. Vichague vitatu bila kutangaza mapema, wengine waweke alama ya vema kwa kila hoja waliyokuwa nayo, na mwishoni uliza nani ana hoja ambayo haijatajwa.

Maelekezo nayo yanakula muda. Yasizidi sentensi tatu, na mfano ufanywe na kikundi kimoja mbele ya wote. Karatasi zigawiwe baada ya maelekezo. Zikitangulia, macho yako kwenye karatasi na wewe unaongea na ukuta. Usiulize "Mmeelewa?" Jibu lake ni "Ndiyooo" hata kama hawajaelewa. Uliza "How many sentences are you going to write?" au "Who speaks first, A or B?" Wakijibu vibaya, bora umejua sasa kuliko baada ya dakika kumi za kazi isiyo yenyewe.

Ikibidi kukata hatua, kata utangulizi wa kuchangamsha. Usikate ulinganishaji wa mwishoni.

Nikiwapanga vikundi wanazungumza Kiswahili tu. Adhabu hazisaidii.
*Mwalimu, jina limehifadhiwa*

Adhabu huleta ukimya. Ukitembea kati ya madawati utasikia kwamba sehemu kubwa ya Kiswahili hicho ni cha kuendesha kazi: zamu ya nani, tuko namba ngapi, hili linaandikwaje. Hawana Kiingereza cha mambo hayo kwa kuwa vitabu havikifundishi. Waandikie ubaoni vishazi vitano: "Whose turn is it?", "What have you got for number three?", "How do you spell it?", "Say it again, please", "I don't agree, because…". Mvitamke pamoja mara mbili, kisha kazi ianze. Kipindi kijacho futa viwili. Cha tatu futa vyote uone vilivyobaki vinywani.

Halafu chunguza shughuli yenyewe. Kama kinachotakiwa mwishoni ni alama za vema au mstari wa kuunganisha picha, Kiswahili kinatosha kuimaliza, na mtoto mwenye akili atachagua njia fupi. Kinachotoka kikundini kiwe maneno ya Kiingereza ya kusemwa au kuandikwa. Kupanga kwa Kiswahili dakika tatu za kwanza hakuna ubaya. Pale ambapo wanajua cha kusema ila wanasitasita, tumia mbinu ya Keith Maurice ya mwaka 1983: mtu azungumzie mada ile ile kwa dakika nne, kisha kwa mwenza mwingine dakika tatu, kisha kwa wa tatu dakika mbili. Kwa wanaoanza, dakika tatu, mbili na moja. Msikilizaji abadilike kila mara. Akibaki yule yule, marudio hayana sababu.

Ninaruhusiwa kudurufu kurasa za jarida? Ni la bure mtandaoni.
*Mwalimu na mwandaaji wa vijitabu vya mazoezi*

Bure kusoma si ruhusa ya kunakili. Tafuta tamko la hakimiliki, kwa kawaida kwenye ukurasa wa wahariri au chini ya makala yenyewe. Ukikuta leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ya wazi ambayo mwenye kazi ameitoa mapema kwa masharti, soma herufi zake. BY: mtaje mwandishi, kichwa, chanzo na leseni, na useme kama umebadilisha kitu. NC: usifanyie biashara, na hapo vijitabu vyako vya kuuza vinagota. ND: usisambaze toleo ulilolibadilisha, matini itumie ilivyo, ukibadilisha maswali uandike ya kwako kwenye karatasi tofauti. SA: toleo lako nalo litoke kwa leseni ile ile. Picha zinaweza kuwa na mmiliki mwingine kabisa, kwa hiyo usizichukulie kuwa zimo ndani ya ruhusa ya makala.

Kama hakuna leseni, andikia wahariri uombe. Wakati unangoja, kumbuka kwamba hakimiliki inalinda maneno na michoro, hailindi wazo la shughuli. Hatua za jigso ni za kila mtu. Andika matini yako, maswali yako, na hakuna atakayekudai.

Nina rundo la matoleo ya zamani ya English Teaching Forum na mengine. Nayapangaje ili nikitaka kitu nikipate?
*Mkuu wa idara ya lugha*

Kwa daftari moja lenye safu tano: muda, stadi, kiwango, vifaa, na mahali lilipo, yaani toleo na ukurasa. Usipange kwa mwaka; Jumatatu asubuhi hakuna mwalimu anayesaka mwaka, anasaka kitu cha dakika 20 kisichohitaji kopi. Usiorodheshe makala zote, ni shughuli tu ambazo mmoja wenu amezijaribu, na kando yake aandike neno moja: inafaa, ngumu, kelele. Forum, jarida la Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, lina sehemu za mbinu fupi ambazo hazizeeki kirahisi. Kinachozeeka ni mifano ya teknolojia na anwani za tovuti.

Kwenye idara yetu tunasoma makala moja kila mwezi na kuijadili. Mjadala ni mtamu lakini darasani hakuna kinachobadilika.
*Mwalimu mwandamizi*

Mnajadili mapema mno. Mkutano ufanyike baada ya shughuli kujaribiwa. Kila mmoja asome makala nyumbani, wawili wajitolee kuifanya darasani ndani ya wiki mbili, tena katika madarasa yasiyofanana. Kwenye kikao waje na madaftari matatu ya wanafunzi: la mzuri, la wa kati na la dhaifu. Hayo yawekwe mezani kabla mtu hajaanza kuongea.

Dakika 40 zinatosha. Kumi za kwanza, wote wanasoma madaftari kimya. Kumi zinazofuata, wale wawili wanaeleza walibadilisha nini na kwa nini. Kumi, mnatafuta mahali kazi ya mwanafunzi dhaifu ilipokatikia, kwa kidole, kwenye mstari wenyewe. Za mwisho, mnaandika upya maelekezo ya shughuli kwa ajili ya darasa lenu, nusu ukurasa, na mwalimu wa tatu anaondoka nayo kwenda kuijaribu. Maswali ya kujadili yanayochapishwa na baadhi ya majarida yana manufaa, lakini chagueni mawili tu, yale yanayouliza kuhusu wanafunzi wenu. Yanayouliza maoni yenu kuhusu nadharia yatakula saa nzima, hasa kama mkuu wa idara anapenda kuongea.